Bi Khoula na Juzuu ya Amma

Wamesimulia waliotutangulia, nao walisimuliwa na waliokuwepo, kwamba katika mji wa Wadi Samra, zamani hizo ambazo babu wa babu yako alikuwa bado hajaota jino, palikuwa na bibi mmoja mcha Mungu, jina lake Bi Khoula binti Harith, Mola amrehemu. Na kisa hiki ukikisikia kwa mtu mwingine ujue amekipunguza. Mie sipunguzi. Mie nikitia kitu ni chumvi kidogo tu ya kuonjea, na chumvi si haramu.

Bi Khoula alikuwa mwanamke wa swala tano, wa funga, wa kulisha maskini. Hapo humshiki. Lakini mambo mawili hakuwa nayo kabisa, subira na utiifu. Subira yake ilikuwa ndogo kuliko jicho la siafu. Akipika maharage hangoji yaive, anayainamia chunguni anayakemea, na wanasema yalikuwa yanaiva kwa hofu. Mtende wake wa uani ulizaa kabla ya msimu, maana kila asubuhi alisimama chini yake akauuliza, "Bado tu?" Na utiifu ndiyo usiseme. Mumewe, marehemu Mzee Zahran, mfanyabiashara wa ngozi, akitaka kuumwa homa alikuwa anabisha hodi kwanza, anaomba ruhusa.

Sasa huyo Mzee Zahran, pamoja na yote hayo, akaoa mke wa pili. Nakwambia alioa! Alikuwa na moyo wa simba, au hakuwa na akili, chagua mwenyewe. Akamwoa Bi Tuhfa binti Idris, binti wa mwalimu wa Kurani, mpole, sauti yake ukitaka kuisikia lazima uache kupumua. Bi Khoula akampokea mke mwenziwe kama paka anavyompokea paka mgeni.

"Tuhfa, maji!"

Maji yanaletwa.

"Ya moto haya. Kalete mengine."

Yanaletwa mengine.

"Mbona baridi hivi? Unataka kunipasua meno?"

Miaka na miaka namna hiyo, na jibu la Bi Tuhfa lilikuwa moja tu: "Labeka, dada." Mtu mwingine angeshachoma nyumba, na nyumba ya jirani juu yake. Yeye labeka, dada.

Mzee Zahran akafariki, Mungu ampe kauli thabiti. Bi Khoula akabaki kwenye nyumba kubwa, na Bi Tuhfa akahamia kijumba nyuma ya msikiti, akawa anafundisha wanawake na mabinti kusoma Kurani.

Na watu wa Wadi Samra walikuwa na desturi yao. Kila mwaka, mwezi aliofariki mtu, wanawake wa mji hukusanyika nyumbani kwa marehemu kumsomea khitma. Zinatolewa juzuu thelathini, kila mmoja anapewa juzuu yake, wanasoma kwa pamoja mpaka nyumba inavuma kama mzinga. Juzuu ya mwisho, Amma, ile yenye sura fupi fupi, haipewi mtu yeyote ila mjane mkubwa. Akishaimaliza yeye, basi khitma imetimia, inaombwa dua, na watu wanakula. Kwa hiyo kila mwaka Bi Khoula alipewa Amma, imefungwa kwa kitambaa cha hariri, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Hebu sogeeni karibu, hili si la kusemwa kwa sauti. Bi Khoula alikuwa hajui kusoma.

Ndiyo! Hata alifu. Sura zake za kusalia alizishika kwa kusikia tangu utotoni, swala yake haina neno. Lakini umpe msahafu, ni sawa na kumpa mbuzi ramani. Mwaka hata mwaka alifunua juzuu, akainamisha kichwa, akachezesha midomo, akageuza kurasa, akatazama kwa jicho la pembeni wenzake wamefika wapi, kisha akafunga kwa sauti: "Sadaqallahul adhim." Na wote wakasema khitma imetimia.

Mwaka mmoja, Bi Khoula akiwa amekula chumvi mpaka chumvi imeadimika sokoni, alikuwa ameketi namna hiyo, Amma mkononi, midomo inakwenda. Pembeni yake ameketi Bi Tuhfa na juzuu yake. Bi Tuhfa akainua macho. Akaona.

Bi Khoula ameishika juzuu juu chini.

Ungekuwa wewe, na miaka yako yote ya maji ya moto na maji baridi, ungefanya nini? Usinijibu, nakujua. Bi Tuhfa aliinama tu, akanong'ona, "Dada, jalada la juzuu yako limelegea, nipe nikuwekee sawa." Akaichukua, akaipangusa, akaigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili. Hakuna mwingine aliyejua. Khitma ikaisha, dua ikaombwa, watu wakala pilau wakaenda zao.

Bi Khoula hakuonja. Alibaki ukumbini peke yake, amekaa na ile juzuu. Aibu ilimuuma, lakini kulikuwa na jambo lililomuuma kuliko aibu. Alijiambia, "Miaka yote hii wanasema khitma imetimia, na haikutimia hata mara moja. Ishirini na tisa zimesomwa, moja haikusomwa. Nimempelekea mume wangu khitma zenye shimo, na shimo nimelichimba mie." Na macho yake ukungu ulishaanza kuyaingia. Mlima wa ng'ambo alikuwa anauona kama moshi. Akajua kwamba akichelewa, hata akitaka kujifunza hatakuwa na macho ya kujifunzia.

Kesho yake asubuhi akajitanda shuka, akaenda nyuma ya msikiti.

"Hodi!"

"Karibu, dada." Bi Tuhfa akasimama, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye kikombe.

"Kaa. Sikuja kunywa maji." Bi Khoula akaangalia mlango kama umefungwa vizuri. "Uliona jana?"

"Niliona."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, dada?"

"Kwa nini hukusema? Mie ningekuwa wewe ningepanda juu ya paa nikapiga ngoma."

"Ni kweli, dada," akasema Bi Tuhfa. "Ungepiga."

Bi Khoula akakohoa. "Basi nifundishe. Nataka Amma niisome kwa macho yangu kabla hayajazimika. Na unifundishe upesi. Ijumaa niwe nimemaliza."

Ijumaa! Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Bi Tuhfa hakucheka, na mie nashangaa hakucheka vipi. Akasema, "Nitakufundisha. Lakini hapa ni chuoni, na masharti ni ya wote. Mwanafunzi analeta mtungi wa maji ya kutawadhia kila asubuhi, kwa mikono yake. Anakaa kwenye mkeka. Hatoki herufi moja kwenda nyingine mpaka nimpe ruhusa. Na hapa ndani mie si Tuhfa."

"Ni nani?"

"Ni mwalimu."

Bi Khoula shingo ikamvimba mishipa minene kama kamba za ngamia. "Maji nitamtuma mjukuu."

"Anayesoma ni mjukuu au wewe?"

Siku iliyofuata mji mzima ulimwona Bi Khoula binti Harith, mke wa Zahran tajiri wa ngozi, anapanda mwinuko na mtungi kichwani. Wanasema sokoni mizani zilisimama. Muuza tende alimwaga pishi nzima miguuni mwake asijue. Na kisimani alikuwepo Bi Rabaa, jirani yake, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kunyoa kondoo.

"Mama weee! Bi Khoula! Unamchotea maji mke mwenzio?"

"Namchotea mwalimu wangu," akasema Bi Khoula.

"Mwalimu wa nini tena, na wewe kila mwaka unatufungia khitma?"

Bi Khoula akashika njia na mtungi wake. Alibana meno, na mlio wake ulisikika mpaka kijiji cha pili, watu wakadhani kuna mtu anasaga mtama.

Basi akaanza. Na kuanza kwenyewe si mchezo! Alifu aliipata siku ile ile, maana alifu imesimama wima kama yeye. Lakini alipofika be, te, the, akaona balaa. Zote zimelala kama sahani, tofauti ni vitone tu, na vitone kwa macho yake vilikuwa nzi wanaoruka. Akitamka qaf, kuku wa jirani wanatimua mbio. Akitamka the, upepo unampita kwenye mapengo na taa inazimika. Mabinti wadogo wanamaliza ubao wao, wanakwenda kucheza, wanarudi, yeye yuko pale pale: "Be fat-ha ba, be kasra bi, be dhumma bu."

"Mwal..." Neno halikutoka. "Tuhfa, hii nimeijua. Nipe te."

"Bado."

"Bado nini? Be ni be!"

"Unaisoma kwa hasira, dada. Rudia."

Akarudia wiki hiyo. Akarudia na wiki iliyofuata. Siku moja Bi Tuhfa aliposema tena, "Rudia," yule mama akasimama, akautupa ubao wa kusomea, ukagonga ukuta, mabinti wakajificha nyuma ya mlango.

"Najua unachofanya!" akanguruma. "Unanilipizia! Maji uliyoniletea miaka yote unayataka leo yarudi kwako mtungi kwa mtungi!"

Bi Tuhfa akaenda akauokota ubao, akaufuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Dada, ningetaka kukulipizia ningekuacha kama ulivyo."



"Na ukijiuliza subira hii nimeitoa wapi, nikukalishe kwenye be na wala nisichoke," akaendelea Bi Tuhfa. "Nimeitoa kwako. Nilikuja nyumbani kwako sina hata chembe. Wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza."

Bi Khoula hakujua kama ametukanwa au amesifiwa, na mpaka leo wanavyuoni hawajakubaliana. Akatoka, akaenda zake.

Nyumbani akakaa kwenye kiti chake kikubwa. Hakuna aliyemfukuza chuoni, na hakuna aliyemfuata kumbembeleza. Angeweza kubaki hapo. Watu wangesahau. Mwakani angeishika Amma tena, safari hii angeangalia vizuri juu ni wapi na chini ni wapi, na nani angejua? Akakaa na jambo hilo mpaka jua likageuka. Kisha akasema kwa sauti, peke yake ukumbini: "Nikirudi, nimeshindwa na Tuhfa. Nisiporudi, nimeshindwa na be. Tuhfa walau ni mtu."

Akachukua mtungi. Akateremka kisimani, akajaza, akapanda. Alipofika, mabinti walipomwona walitaka kuruka dirisha. Yeye akauweka mtungi chini taratibu, akakaa kwenye mkeka, akaweka ubao magotini.

"Maji hayo, mwalimu," akasema. "Be fat-ha ba."

Tangu hapo hakurudi nyuma. Mvua ilinyesha ikabomoa ukuta wa soko, yeye na mtungi wake njiani. Mguu ukamvimba ukawa kama boga, akaja anachechemea. Akikemewa anarudia. Akiambiwa ngoja anangoja, ingawa kungoja kwake kulikuwa na moshi. Akatoka be akaenda te, akatoka herufi akaenda maneno, na siku aliyosoma "Qul audhu birabbin nas" kwa kidole chake, neno kwa neno, bila kukosea, alilia. Machozi yale, ningekwambia yalijaza mtungi, usingeniamini, kwa hiyo nasema nusu mtungi.

Lakini mwezi wa khitma ulikuwa unakaribia, na ile tabia ya zamani haikuwa imekufa, ilikuwa imelala tu. Na chuoni Amma huanzwa na sura fupi za mwisho, ndipo mtu anapanda kwenda mwanzo; Bi Khoula akaona sura zilizobaki ni ndefu, na siku ni fupi. Mabinti walikuwa wanazisoma kila siku kwa sauti. Akaanza kuzidaka kwa sikio. Kidole kinapita juu ya mistari, mdomo unasoma kile sikio lilichodaka. Mbio! Akafika juu kabisa ya juzuu, akaja kwa mwalimu wake kifua mbele.

"Nisikilize, mwalimu. Nimemaliza."

Akaanza. Akasoma vizuri mpaka akafika kwenye sura ya kukunjwa kwa jua, pale panaposema kwamba kila nafsi itajua ilichokileta. Na nyie mliosoma mnajua, kwenye sura inayofuata, ya kupasuka kwa mbingu, pana maneno yanayoanza vile vile: "Alimat nafsun." Sikio halina vitone wala mistari. Bi Khoula akaruka. Mdomo ukaingia sura ya pili, ukaacha nusu nzima ya ile ya kwanza, na huku kidole kimebaki palepale kwenye sura ya kwanza kinatembea polepole kama kobe.

Bi Tuhfa akaweka mkono wake juu ya kile kidole.

"Dada. Mdomo umehama, kidole kimebaki."

Bi Khoula akakitazama kidole chake. 

"Mwaka huu hutasoma Amma," akasema Bi Tuhfa. "Unarudi mwanzo wa juzuu, kwa macho, mstari kwa mstari. Na siku ya khitma usiishike mpaka nikupe ruhusa."

"Tuhfa." Sauti ya bibi yule, iliyokuwa inaivisha maharage, ilitoka kama ya mgonjwa. "Mwalimu. Mwaka mmoja kwangu ni mwingi. Macho yananiaga. Na nikifa kabla?"

"Ukifa unajifunza, utakuwa umekufa unajifunza. Kuna vifo vibaya kuliko hicho."

"Na siku yenyewe watakaponiletea mbele ya watu, niwaambie nini?"

"Hilo sikufundishi," akasema Bi Tuhfa. "Hilo unalijua."

Siku ya khitma ikafika. Nyumba ikajaa wanawake, mpaka kwenye ngazi, na wengine nasikia walikaa juu ya wengine. Bi Rabaa ndiye aliyekuwa anagawa juzuu mwaka huo. Akagawa ishirini na tisa. Ya thelathini akaileta na kitambaa chake cha hariri, akainama mbele ya Bi Khoula.

"Haya, mjane mkubwa. Tufungie."

Bi Khoula alitazama ile hariri. Upande wa pili wa ukumbi aliketi Bi Tuhfa, macho chini, hamtazami. Midomo ya Bi Khoula ilikuwa imeshazoea kazi hii, ingeweza kuifanya bila yeye. Akipokea tu, akiinama, yamekwisha. Hata ule uongo wa mwaka huu ungekuwa mdogo kuliko wa mwaka jana, maana sasa sura nyingi alizijua kweli.

Mikono yake akaikalia. Wallahi, aliikalia, ili isije ikanyanyuka.

"Siipokei," akasema. "Sijui kuisoma."

"Unasemaje?"

"Sikuwa najua hata alifu. Miaka yote niliyowafungia khitma nilikuwa nachezesha midomo kama mbuzi. Mwaka jana niliishika juu chini. Sasa ninaye mwalimu, yule pale, Bi Tuhfa binti Idris, na mwalimu wangu hajanipa ruhusa."

Ukimya ulioingia hapo! Nzi mmoja alikuwa anaruka, akaona aibu akatua.

"Ala!" Bi Rabaa ndiye aliyepata sauti kwanza. "Kumbe! Mwanamke mzima, na mvi zako zote, unatudanganya mbele ya msahafu! Marehemu wa watu analala na khitma ya mbuzi!"

"Ndiyo," akasema Bi Khoula. "Umesema kweli, Rabaa. Endelea." Na hakusimama, na hakumrarua. Waliomjua walitazamana, wakafikiri labda ni mgonjwa.

Bi Rabaa akajaza pumzi aendelee. Lakini kabla hajafungua mdomo, kwenye kona kukasikika mtu anakohoa. Alikuwa mke wa imamu. Mke wa imamu, nakwambia! Akaiweka juzuu yake juu ya mto, mbele yake.

"Na mie," akasema, sauti inatetemeka. "Na mie huwa ninageuza kurasa tu."

Mwingine karibu na mlango akaweka yake. "Mie nasoma ukurasa wa kwanza. Mwingine siujui."

"Mie naangalia mwenzangu anapogeuza."

"Sasa mbona mie nilikuwa nakuangalia wewe?"

Juzuu zikawa zinawekwa chini moja baada ya moja, na kila mmoja anasema lake, mpaka ikaonekana kwamba katika mji ule wa Wadi Samra khitma ilikuwa inasomwa na wanawake wachache waliokuwa wanatoka jasho, na wengine wote walikuwa wanasukuma upepo kwa midomo. Mwisho macho yote yakamgeukia Bi Rabaa, aliyekuwa bado amesimama na hariri yake mkononi.

"Na nyie mnanitazamia nini?" akasema. Akakaa. Akaikunja hariri, akaikunjua. "Kwa nini mnafikiri nilitaka kugawa? Anayegawa hasomi."

Siku hiyo wale waliojua ndio waliogawana thelathini zote. Bi Tuhfa peke yake alisoma saba, na sauti ikamwishia. Pilau ikapoa, ikaganda, wakasoma. Laasiri ikaingia, wakasali, wakarudi wakasoma. Na wale wasiojua walikaa wakasikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyeondoka. Wanasema ilikuwa khitma ya kwanza ya kweli katika mji ule tangu mji ujengwe.

Asubuhi yake Bi Khoula alipofika kisimani na mtungi wake, alikuta foleni. Mke wa imamu yupo. Bibi wa mlangoni yupo. Bi Rabaa yupo mbele kabisa, mtungi mkubwa kuliko wa wote.

"Usinitazame hivyo," akasema Bi Rabaa. "Ni kweli hiyo be ni ngumu?"

"Ngumu," akasema Bi Khoula. "Mie niko juzuu ya Amma, mwanzo wa ukurasa. Nimerudishwa."

Mwaka ukapita. Ukungu wa macho ukazidi, Bi Khoula akawa anasoma pua imegusa karatasi, na bado anasoma. Khitma ikaja tena. Safari hii Bi Tuhfa mwenyewe ndiye aliyeichukua Amma kwenye hariri, akaenda akaipeleka, akapiga goti mbele ya mke mwenziwe.

"Nimekupa ruhusa, dada."

Akasoma. Polepole, jamani! Mwanamke aliyekuwa anaugombeza mtende alisoma kama mtu anayehesabu nyota na hataki kuruka hata moja. Alipofika kwenye "alimat nafsun" akasimama. Ukumbi mzima ukasimama naye, walimu na wanafunzi, Bi Rabaa akang'ata mtandio wake. Kidole kikasimama, mdomo ukasimama. Kisha vikaondoka pamoja, kwenye mstari wao, ndani ya sura yao. Akaendelea mpaka mwisho wa juzuu. Akasema, "Sadaqallahul adhim," na watu wakapumua, wengine wakaanza kukunja mikeka, pilau ikawa inanukia kutoka uani.

Bi Khoula hakuifunga juzuu. Alirudisha kurasa nyuma, akafika mwanzo, akasogeza pua, akaweka kidole.

"Dada," akasema mke wa imamu, "mbona imekwisha?"

"Ya mwaka huu imekwisha," akasema Bi Khoula. "Sasa naanza ya mwaka jana."

Wakatazamana. Bi Tuhfa akakunjua mkeka wake tena, akakaa. Mmoja mmoja, na wengine wote wakakaa.

Na wanasema aliyekuwa hawezi kusubiri maharage alizilipa zote, mwaka kwa mwaka, siku hiyo na siku nyingine nyingi zilizofuata, mpaka ile ya kwanza kabisa baada ya mazishi. Na ukungu ulipokuja kufunga macho yake kabisa, haukukuta deni.

Basi na wewe ndugu yangu unayepiga miayo hapo, unasema umeshakuwa mtu mzima, mgongo unauma, hasira zako ndivyo ulivyoumbwa na hazibadiliki, mtungi ulipo unapajua na kisima unakijua. Anza na be. Mungu amrehemu Bi Khoula, amrehemu na mwalimu wake, na sie atujaalie moyo wa kurudishwa mwanzo wa ukurasa na tusikasirike. Amin, na aliye karibu na mlango aseme amin kwa sauti, nisikie.